Mlango wa Waziri wa Haki: Historia ya Ofisi Moja ya Kenya

(Sauti ya mtangazaji mmoja. Muziki unaingia, unashuka taratibu.)



Swali letu la leo mmeshaliuliza wenyewe mara nyingi: serikali ikikukosea, unabisha mlango gani? Wenzetu kutoka Kongo na Burundi watajibu haraka kwamba kuna Waziri wa Haki. Kwao cheo hicho kina jina la pili, Mtunza Mihuri, kwa sababu zamani ndiye aliyeshika muhuri unaoifanya karatasi kuwa sheria. Rwanda, Waziri wa Haki ndiye pia Mwanasheria Mkuu. Uganda ina Wizara ya Haki na Mambo ya Katiba. Tanzania ina Wizara ya Katiba na Sheria. Kwa hiyo mtu akivuka mpaka na kuingia Kenya, hudhani atakuta mlango wa namna hiyohiyo.

Kenya ni tofauti kidogo. Mlango huo ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena, kisha ukafungwa. Leo tunafuata historia yake. Utaona kwamba inamgusa pia mtu anayeishi Kakuma au Dadaab na kadi ya mkimbizi mfukoni.

(Muziki.)

Sehemu ya kwanza: Mwanasheria wa mkoloni

Wakati wa ukoloni, mkuu wa sheria katika serikali ya Kenya alikuwa Mwanasheria Mkuu. Alimshauri gavana, aliandika miswada, na aliwashtaki watu mahakamani. Katika miaka ya 1950 aliitwa pia Waziri wa Masuala ya Kisheria. Mtu mmoja alishika kalamu ya kutunga sheria na fimbo ya kushtaki.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mwezi Aprili 1953, mahakama iliyokaa Kapenguria iliwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano kifungo cha miaka 7. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ile. Makumi ya maelfu walifungiwa kambini bila kesi. Ndiyo, kambini: uzio, foleni, namba na mlinzi langoni. Wazee wengi wa Kenya ya Kati walilijua neno hilo kabla yetu.

Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones alimwandikia gavana kuhusu vipigo katika kambi hizo. Alitengeneza kanuni za kuruhusu nguvu itumike, na akaonya kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi waitende kimyakimya. Huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria nchini.

Karatasi zile hazikupotea. Zilihifadhiwa Uingereza, na mwaka 2011 zilijitokeza kwa sababu wazee waliopigwa kambini walikuwa wamefungua kesi London. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini waliobaki walipata jibu, na sehemu ya ushahidi ilikuwa barua za maofisa wenyewe.

Kwa hiyo chukua jambo la kwanza: ofisi ya sheria inaweza kutumika kuficha ubaya. Na karatasi iliyohifadhiwa inaweza kuufichua.

(Muziki.)

Sehemu ya pili: Waziri wa kwanza, na muda mfupi aliokaa

Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata serikali ya ndani. Katika baraza la mawaziri la Kenyatta, kijana wa miaka 32 aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, alipewa Wizara ya Haki na Mambo ya Katiba. Huyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Haki wa kwanza Mwafrika. Pembeni yake alikuwepo Mwanasheria Mkuu mpya, Charles Njonjo.

Kazi kubwa ya wizara ile ilikuwa katiba. Uhuru ulikuja na katiba ya majimbo, iliyogawa madaraka kati ya Nairobi na mikoa. Chama tawala cha KANU hakikuipenda. Mboya alikuwa miongoni mwa viongozi walioongoza mabadiliko yaliyovunja majimbo na kuifanya Kenya kuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Baada ya hapo alihamishiwa Wizara ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo, na wizara ya haki ikafutwa. Ilikuwa imedumu mwaka mmoja na nusu tu. Mboya mwenyewe aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Kazi za wizara zilienda wapi? Zilibaki kwa Mwanasheria Mkuu. Njonjo alishauri serikali, alishtaki, na aliketi katika baraza la mawaziri na bungeni hadi mwaka 1980. Waswahili husema kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Askari akimpiga raia, anayeamua kama askari ashtakiwe ni mshauri wa serikali ileile inayomlipa askari mshahara.

Waliolionja jambo hili zaidi ni watu wa kaskazini mashariki, eneo ambalo leo lina kambi za Dadaab. Mwishoni mwa Desemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari kule, katika vita vilivyoitwa vya mashifta. Raia wengi waliteseka. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kule kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Kwa hiyo kama unaishi Dadaab na jirani yako mwenyeji anaonekana kutoiamini ofisi yoyote ya serikali, usimshangae. Naye alikaa miaka mingi bila mlango wa kubisha.

(Muziki.)

Sehemu ya tatu: Miaka ya hofu, na waliokimbia

Mwaka 1980 Njonjo aliacha uanasheria mkuu, akaingia bungeni, na Rais Daniel arap Moi akamfanya waziri wa mambo ya ndani na ya katiba. Neno katiba likarudi kwenye cheo cha waziri, lakini neno haki halikurudi. Mwaka 1982 Bunge liliandika katika katiba kwamba chama ni kimoja tu. Mwaka 1983 Njonjo alishutumiwa kuwa msaliti, akaondoka serikalini na kuchunguzwa na tume. Ofisi kubwa haikumkinga aliyekuwa ameikalia.

Mwaka huohuo wa 1983 kulitokea jambo ambalo mkimbizi anapaswa kulijua. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Moi. Waliposhindwa, kiongozi wao Hezekiah Ochuka na mwenzake walikimbilia Tanzania kwa ndege, wakapokelewa. Kenya nayo ilikuwa na Watanzania waliotuhumiwa kupanga mapinduzi kwao. Novemba 1983 nchi hizo mbili zilibadilishana watu hao. Ochuka alirudishwa, akahukumiwa, na mwaka 1987 alinyongwa.

Unaweza kusema aliyoyafanya yalikuwa makosa makubwa. Bado angalia tarehe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1964. Kenya iliuridhia mwaka 1966. Mkataba huo unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake yako hatarini, ingawa unaweka masharti kwa watu waliotenda makosa mazito. Maswali ya namna hiyo yanahitaji hakimu na mtu wa kumtetea anayerudishwa. Yakiamuliwa kati ya serikali na serikali, mkimbizi hana wa kumsemea.

Katika miaka iliyofuata hofu iliongezeka. Watu waliwekwa kizuizini bila mashtaka. Wengine waliteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, katikati ya Nairobi. Mwaka 1986 katiba ilibadilishwa ili rais aweze kumwondoa Mwanasheria Mkuu kwa urahisi, na mwaka 1988 jambo hilohilo likafanywa kwa majaji. Kinga hizo zilirudishwa mwaka 1990, baada ya malalamiko mengi. Mwaka huohuo mawakili wawili waliotetea wafungwa wa kisiasa, Gibson Kamau Kuria na Kiraitu Murungi, walikimbilia Marekani.

Wakati Wakenya hao wako uhamishoni, nchi yao ilikuwa inapokea wengine. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, watu walipokimbia vita vya Somalia. Kakuma ilianza mwaka 1992, vijana wa Sudan walipofika kwa miguu. Nchi moja ilikuwa inakimbiwa na inakimbiliwa kwa wakati mmoja. Mambo hayo mawili hukutana mara nyingi kuliko tunavyodhani.

(Muziki.)

Sehemu ya nne: Mlango unafunguliwa tena

Desemba 2002 KANU ilishindwa uchaguzi. Rais mpya, Mwai Kibaki, alirudisha Wizara ya Haki na Mambo ya Katiba, na mwanzoni mwa 2003 waziri wake akawa Kiraitu Murungi, yule wakili aliyekimbia mwaka 1990. Mwaka huo vyumba vya mateso vya Nyayo vilionyeshwa hadharani. Oktoba 2003 majaji 23 walitajwa katika ripoti ya uchunguzi wa rushwa. Wengine walijiuzulu, na wengine walipinga kwamba hawakupewa nafasi ya kutosha kujitetea. Hata usafi unahitaji utaratibu.

Mwaka 2005 rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na serikali ilikataliwa katika kura ya maoni. Wizara ikapewa Martha Karua, wakili mwingine wa miaka ya upinzani.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakatoka makwao. Maelfu ya Wakenya walivuka mpaka wakaingia Uganda, wakapokelewa Mulanda, na wengine wakapelekwa Kiryandongo. Kama wewe unasoma maandishi haya Kiryandongo, ujue Wakenya nao walilala chini ya turubai hapo.

Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Wizara ya Haki ilibebeshwa mzigo mzito: Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katiba mpya, na kesi za waliopanga mauaji. Karua alipeleka bungeni mswada wa kuunda mahakama maalumu. Februari 2009 wabunge waliukataa. Aprili mwaka huo alijiuzulu. Hapa tunaona mpaka wa ofisi hii. Waziri anaweza kuandika mswada, lakini hawezi kuwalazimisha wabunge waupitishe. Anaitwa Waziri wa Haki, lakini haki haiko mkononi mwake.

Mrithi wake, Mutula Kilonzo, ndiye aliyekuwepo wakati Wakenya walipoipigia kura katiba mpya, tarehe 4 Agosti 2010. Ilizinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Katiba hiyo ilitenganisha kazi zilizokuwa zimerundikwa mahali pamoja. Mwanasheria Mkuu alibaki mshauri na wakili wa serikali. Kushtaki wahalifu kulipewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye hapaswi kuelekezwa na mtu yeyote. Majaji walipata njia mpya ya kuteuliwa. Kwa maneno mengine, nyani alinyang'anywa kesi ya ngedere.

Mwaka 2013 serikali mpya ya Uhuru Kenyatta ilipunguza wizara hadi 18. Wizara ya Haki haikuwemo. Kazi zake zilihamia kwa Mwanasheria Mkuu, na ofisi yake ikaitwa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu na Idara ya Haki. Mlango aliofungua Mboya mwaka 1963 ukafungwa mara ya pili. Lakini safari hii kulikuwa na milango mingine iliyobaki wazi.

(Muziki.)

Sehemu ya tano: Mkimbizi dhidi ya Mwanasheria Mkuu

Tukumbuke kwamba Kenya iliridhia mkataba wa wakimbizi mwaka 1966. Bunge lilipitisha Sheria ya Wakimbizi mwaka 2006. Miaka 40 ilipita kati ya sahihi na sheria. Kisha katiba ya 2010 ikasema kwamba mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya.

Je, ilisaidia? Tazama kesi tatu.

Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Shirika la Kituo cha Sheria na baadhi ya wakimbizi walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 26 Julai 2013 mahakama ililifuta agizo hilo.

Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyosema wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Wakati huo walikuwa zaidi ya nusu milioni. Wangepunguzwaje bila kurudishwa kwa nguvu? Februari 2015 majaji watano walikifuta kifungu hicho.

Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab na kuvunja idara ya wakimbizi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria walifungua kesi. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ilisema uamuzi huo unavunja katiba na unawabagua wakimbizi wa Kisomali.

Katika kesi hizo, aliyesimama upande wa serikali alikuwa nani? Mwanasheria Mkuu. Ndiyo ofisi iliyochukua kazi za Waziri wa Haki. Hiyo ni kazi yake halali, kwa sababu yeye ni wakili wa serikali. Usimwendee ukidhani ni wakili wako, na usimchukie kwa kusimama upande ule. Anayeamua ni jaji.

Si kila kesi ya wakimbizi ilishinda, na ushindi haukumaliza hofu. Mwaka 2021 serikali ilitangaza tena kwamba itazifunga Dadaab na Kakuma, na mahakama ikaingilia tena kwa muda. Mwishoni mwa mwaka huohuo Sheria mpya ya Wakimbizi ilitiwa saini. Hukumu ya mahakama ni kama boma la miiba: inazuia, lakini inahitaji kukarabatiwa kila msimu.

(Muziki unashuka.)

Sehemu ya mwisho: Maneno mawili ya kuyashika

Methali ya watu wetu inasema mnyonge hana haki. Imesemwa na watu walioona mengi. Lakini sheria ya Kenya leo inasema vingine, na tofauti iko katika maneno mawili: kila mtu na kila raia.

Katiba ikisema kila raia, hapo mkimbizi hayumo. Kupiga kura ni kwa kila raia. Haki ya kuingia nchini na kuishi popote ni ya kila raia. Lakini ikisema kila mtu, hapo umo. Kila mtu ana haki ya kuishi. Kila mtu analindwa asiteswe. Kila mtu aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa. Na kila mtu anaweza kwenda mahakamani akisema haki yake ya msingi imevunjwa. Kufungua kesi ya namna hiyo hakulipiwi ada, na ikibidi mahakama inaweza kuanza na maandishi ya kawaida, kama barua.

Tena, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inamtaja mkimbizi asiye na uwezo kati ya wanaostahili wakili wa bure. Huduma hiyo iliwekwa chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Ndiyo, ofisi ileile inayoitetea serikali dhidi yako inatakiwa pia kukutafutia wa kukutetea. Ni jambo la ajabu, lakini limeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa.

Kama uko Nyarugusu, Nakivale au Mahama, sheria zako ni za nchi uliyomo, si za Kenya. Swali lakini ni lilelile. Usiulize tu waziri ni nani. Uliza sheria inasema kila mtu au kila raia, na nani anaruhusiwa kuisoma mbele ya jaji. Na karatasi zako, kadi, barua ya wito, risiti ya malalamiko, zitunze mahali pakavu. Wazee wa Mau Mau walisubiri zaidi ya miaka 50, na karatasi ndizo zilizowasaidia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika nchi uliyotoka, Waziri wa Haki alikuwa na kazi gani? Je, aliweza kuwashtaki watu wa serikali yake?
2. Kwa nini ni hatari mshauri wa serikali awe pia ndiye anayeamua nani ashtakiwe?
3. Hapa ulipo, nani hutoa msaada wa kisheria, na siku gani? Mmoja wenu akaulize kabla ya kipindi kijacho, na awaletee wengine jibu.

(Muziki wa kufungia.)